Chanzo cha uhai: Sayansi imefika wapi, na sisi tunasema nini?

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa kidato cha nne alinifuata nje ya msikiti akiwa na daftari lake la baiolojia. Darasani kwao walikuwa wamefika kwenye mada ya evolusheni, na mwanzoni mwa mada hiyo wameandikiwa nadharia mbalimbali za chanzo cha uhai duniani. Kwamba uhai uliumbwa. Kwamba ulizuka wenyewe kutoka vitu visivyo na uhai. Kwamba ulishuka kutoka anga za mbali. Kwamba ulitokana na kemikali zilizochanganyika majini kwa muda mrefu. Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadhi, nikijibu kama mwalimu anavyotaka, si nitakuwa nimekufuru? Na nikijibu kama tunavyosikia kwenye mawaidha, si nitafeli?"

Nilimjibu kwa haraka, maana watu walikuwa wananisubiri. Nikamwambia sayansi imeshindwa kueleza chanzo cha uhai, kwa hiyo aandike wanachokitaka apate maksi zake, moyoni abaki na imani yake. Akashukuru, akaondoka.

Njiani kurudi nyumbani jibu lile lilinisumbua. Ni kweli sayansi imeshindwa? Na tangu lini Muislamu akafundishwa kuwa na ndimi mbili, mmoja wa chumba cha mtihani na mwingine wa msikitini? Kijana anayezoea kuandika asichokiamini ili afaulu, kesho atazoea kuamini kwamba dini ni kitu cha kuficha mbele ya wasomi. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa usiku ule.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja ambao umeenea sana kwenye mihadhara yetu. Watu wengi wanadhani Darwin ndiye aliyesema uhai ulizuka wenyewe. Si kweli. Kitabu chake cha mwaka 1859 kinahusu namna aina za viumbe zinavyobadilika baada ya uhai kuwapo. Kuhusu uhai wenyewe ulianzaje, hakuwa na nadharia ya kutetea hadharani. Alichonacho ni dokezo ndani ya barua aliyomwandikia rafiki yake Joseph Hooker mwaka 1871, akiwaza kama huenda kemikali katika kijidimbwi cha maji vuguvugu, chenye amonia na chumvi za fosforasi, zikipata mwanga, joto na umeme, zingeweza kutengeneza protini. Lilikuwa wazo la mtu anayezungumza na rafiki yake. Kwa hiyo mtu anayemshambulia Darwin akidhani ameshambulia nadharia za chanzo cha uhai, amegonga nyumba ya jirani.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo ndiyo silaha kubwa ya wahadhiri wetu, nayo ni hoja ya Pasteur. Kwa karne nyingi watu, wakiwemo wasomi wakubwa, waliamini kuwa viumbe vidogo huzuka vyenyewe. Nyama ikioza inatoa funza, tope linatoa wadudu. Aristotle aliamini hivyo. Mwaka 1668 tabibu wa Kiitalia Francesco Redi aliweka nyama kwenye mitungi, mingine akaiacha wazi na mingine akaifunika kwa kitambaa chepesi. Funza wakaonekana kwenye nyama iliyoachwa wazi tu, kwa sababu ndiyo nzi waliyoifikia na kutaga mayai. Lakini vijidudu visivyoonekana kwa macho vikabaki na utata. Mtaliani mwingine, Spallanzani, alichemsha mchuzi ndani ya chupa zilizozibwa, na vijidudu havikuonekana. Wapinzani wake wakasema ameiharibu hewa iliyomo ndani, ndiyo maana. Ndipo miaka ya mwanzo ya 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alipotengeneza chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji. Hewa inaingia, lakini vumbi na vijidudu vinanaswa kwenye kona ya shingo. Mchuzi uliochemshwa humo ukakaa bila kuchacha. Ukivunja shingo, unachacha. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikampa tuzo mwaka 1862.

Basi tunasikia: "Pasteur alishathibitisha kuwa uhai hautoki katika kisicho na uhai, mjadala umekwisha!" Ndugu msomaji, hebu tutulie hapa kidogo. Pasteur alithibitisha kwamba vijidudu vya leo havizuki ndani ya mchuzi wa leo kwa siku au miezi michache. Hakuthibitisha, wala chupa zake hazikuweza kuthibitisha, kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa katika hali yoyote. Dunia ya zamani haikuwa na oksijeni hewani, na ilikuwa na mamilioni ya miaka.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Sisi Waislamu wenyewe tunaamini kuwa kulikuwa na wakati dunia ipo na haina uhai, kisha ukawapo. Qur'an inafundisha kuwa kila kilicho hai kimetokana na maji, na kwamba mwanadamu asili yake ni udongo. Maji hayana uhai. Udongo hauna uhai. Sasa anayesimama kwenye mimbari na kusema ni muhali uhai kutoka katika kisicho na uhai, anajua anambishia nani? Kwamba uhai ulitoka katika maada isiyo hai, hilo wanasayansi na sisi tunakubaliana. Tunachotofautiana na baadhi yao ni kama kuna aliyetaka iwe hivyo. Na swali ambalo sayansi inalishughulikia ni la tatu: njia ilikuwa ipi?

Wanasayansi wanakadiria umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.5. Katika eneo la Pilbara, magharibi mwa Australia, kuna miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5 ambayo ndani yake kuna matabaka yaliyojengwa na makundi ya vijidudu. Kwa hiyo kati ya kuumbika kwa dunia na alama hizo kuna takriban miaka bilioni moja, na sehemu ya mwanzo ya kipindi hicho dunia ilikuwa moto na ikipigwa na vimondo. Ndani ya kipindi hicho ndimo uhai ulimoanzia.

Nadharia ya kwanza yenye uzito kuhusu njia hiyo ilitolewa na Mrusi Alexander Oparin mwaka 1924, na Mwingereza J.B.S. Haldane akaja na fikra inayofanana mwaka 1929. Walisema hewa ya dunia changa haikuwa na oksijeni huru, na kwamba nguvu ya radi na mionzi ya jua ilitengeneza kemikali nyingi ambazo zilijikusanya baharini hadi maji yakawa kama supu. Nimewahi kumsikia mhadhiri akiitupa nadharia hii kwa kusema ni ya makomunisti. Ni kweli Oparin alifanya kazi chini ya utawala wa Kisovieti, na Haldane naye baadaye alijiunga na chama cha kikomunisti cha Uingereza. Lakini fikra ya kemia haipimwi kwa kadi ya chama.

Miaka ikapita bila mtu kuijaribu kwa namna iliyowaridhisha wengi, hadi mwaka 1953. Katika Chuo Kikuu cha Chicago alikuwapo mwanafunzi wa miaka 23, Stanley Miller, chini ya profesa wake Harold Urey. Alichukua chupa mbili za kioo na kuziunganisha kwa mirija. Moja ilikuwa na maji, hiyo ndiyo bahari. Ya pili ilikuwa na methani, amonia na haidrojeni, hiyo ndiyo hewa. Maji yakachemshwa, mvuke ukapanda kuchanganyika na gesi, humo akapitisha cheche za umeme mfano wa radi, kisha mchanganyiko ukapozwa na kurudi chini kama mvua. Mzunguko huo ukaendelea kwa wiki nzima. Baada ya siku moja maji yakaanza kuwa na rangi ya waridi, na mwisho wa wiki yalikuwa mekundu mazito. Alipoyapima akakuta asidi amino, zikiwemo glisini na alanini. Asidi amino ndizo zinazoungana kutengeneza protini, na viumbe hai vinatumia kwa kawaida aina 20 tu.

Magazeti yalishangilia kana kwamba uhai umetengenezwa kwenye chupa. Haukutengenezwa. Mwenye lori la matofali hajawa na nyumba. Tena baadaye wataalamu wa miamba waliona kuwa hewa ya dunia changa huenda haikuwa na methani na amonia kwa wingi kama Miller alivyoweka, bali zaidi kabonidayoksaidi na naitrojeni, na katika hewa ya namna hiyo mavuno yanapungua. Wahadhiri wetu wanalijua hili na wanalitaja sana. Wasichokitaja ni kilichofuata. Miller alifariki mwaka 2007, na mwanafunzi wake wa zamani Jeffrey Bada akakuta vichupa vya majaribio ya miaka ya 1950 vikiwa vimehifadhiwa. Vikapimwa upya kwa vifaa vya kisasa, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba jaribio mojawapo, lililoigiza mvuke wa volkano, lilikuwa limetoa asidi amino 22.

Zaidi ya hapo, matofali haya yameonekana hata nje ya dunia. Septemba 28, 1969 kimondo kiliangukia mji mdogo wa Murchison, Australia. Hakikuwa cha chuma kama kile chetu cha Mbozi, bali cha aina ya mawe yenye kaboni, na ndani yake zimepatikana asidi amino za aina zaidi ya 70, nyingi zikiwa hazitumiki kabisa na viumbe wa duniani, jambo linaloonyesha kuwa si uchafu ulioingia baada ya kuanguka. Ili kukata mzizi wa fitina, Marekani ilituma chombo hadi kwenye asteroidi iitwayo Bennu, kikachota vumbi na kulirudisha likiwa limefungwa, likatua jangwani Utah Septemba 24, 2023. Majibu yaliyotolewa Januari 2025 yalionyesha asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazotumiwa na uhai, pamoja na herufi zote tano ambazo DNA na RNA zimeandikwa kwazo. Kwa hiyo swali la matofali, kwa maoni yangu, limekwisha. Mwenyezi Mungu ameyatawanya mbinguni na ardhini. Anayeendelea kuhubiri kuwa asidi amino haziwezi kutokea bila kiumbe hai, anahubiri jambo lililopitwa na wakati.

Swali gumu ni nyumba.

Hapa ndipo inapoletwa ile hesabu maarufu ya mnajimu wa Uingereza Fred Hoyle, aliyesema mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba uwezekano wa seli kujitengeneza kwa bahati ni sawa na kimbunga kupita kwenye jalala la vyuma chakavu na kuacha nyuma ndege aina ya Boeing 747. Mfano huu umo karibu katika kila kijitabu chetu. Ni mfano mzuri wa kuchekesha hadhira, lakini una mambo mawili ambayo hatuambiwi. La kwanza, Hoyle hakuwa akitetea Tauhidi. Alikuwa akitetea nadharia yake kwamba uhai ulitoka anga za mbali na kuletwa na nyotamkia. La pili, hesabu yake inachukulia kwamba vipande vyote viliungana kwa mara moja na kwa kubahatisha. Hakuna mkemia anayedai hivyo. Kemikali haziungani kama vyuma jalalani. Zina tabia zake, hii inavutana na ile, hii inamkimbia yule, na hatua ndogo inaandaa hatua inayofuata. Mafuta yakimwagika kwenye maji hayahitaji bahati ili yajikusanye yenyewe. Ndiyo maumbile yaliyowekwa ndani yake.

Tatizo la kweli ni hili. Katika seli ya leo, DNA ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini DNA haiwezi kunakiliwa wala kusomwa bila protini. Kuku na yai. Kipi kilianza? Kwa muda mrefu swali hili lilionekana halina pa kushikia. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wawili, Thomas Cech na Sidney Altman, kila mmoja kwa njia yake, wakagundua kuwa RNA, ndugu mdogo wa DNA, si mbeba ujumbe tu. Inaweza pia kufanya kazi ya kimeng'enya, yaani kuharakisha mabadiliko ya kemikali kama protini zifanyavyo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Maana yake ni kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa kuku na yai kwa pamoja: kinabeba maandishi na kinafanya kazi. Mwaka 1986 Walter Gilbert aliipa fikra hiyo jina la dunia ya RNA, yaani zama ambazo RNA ilitangulia, kisha protini na DNA zikafuata.

Ushahidi mzito wa fikra hiyo ulipatikana ndani ya miili yetu. Kila seli ina viwanda vidogo vya kuunga protini vinavyoitwa ribosomu. Mwaka 2000 umbo la ribosomu lilipopigwa picha kwa undani, ilionekana kuwa mahali hasa asidi amino zinapounganishwa hapana protini. Ni RNA tupu. Protini zimekaa pembeni kama mashabiki. Yaani hadi leo, wewe unaposoma gazeti hili, protini zote za mwili wako zinaungwa na RNA. Mimi binafsi nilipolisoma hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikakaa kimya.

Lakini je, RNA yenyewe iliwezaje kutokea? Ilikuwa ni kitendawili mpaka mwaka 2009, pale John Sutherland na wenzake katika Chuo Kikuu cha Manchester walipoonyesha njia ya kupata herufi mbili kati ya nne za RNA kutoka kwenye kemikali rahisi, kwa msaada wa fosfeti na mionzi ya urujuanimno. Sasa fosfeti nayo ina shida yake, kwani katika maji mengi hushikwa na kalsiamu ikawa jiwe. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walieleza mwaka 2020 kwamba maziwa yenye kaboneti nyingi hayana shida hiyo, kwa sababu kaboneti ndiyo inayoishika kalsiamu na kuiacha fosfeti huru majini kwa viwango vinavyozidi maelfu ya mara vile vya baharini. Miongoni mwa maziwa waliyoyatolea mfano ni Ziwa Magadi la Kenya. Magadi, ndugu zangu, yale yale ambayo mama zetu wanayatia kwenye maharage!

Wapo wanaopinga kuwa ni ziwani. Wanasema ni chini ya bahari, kwenye chemchemi za maji moto, kama zile zinazoitwa Lost City zilizogunduliwa katika Atlantiki mwaka 2000, ambako miamba ina vijitundu vinavyofanana na vyumba vya seli na kemikali ya maji inatoa nguvu bila kuhitaji jua. William Martin na Michael Russell ni mashuhuri kwa hoja hii. Wa ziwani wanajibu kuwa maji mengi mno yanavunja RNA, hivyo panahitajika mahali panapokauka na kulowa. Ugomvi huu bado haujaamuliwa, nami sina uwezo wa kuwa kadhi wao.

Kuna utafiti mwingine ambao lazima niutaje, kwa sababu najua utatumiwa vibaya. James Ferris alionyesha katika miaka ya 1990 kuwa aina fulani ya udongo wa mfinyanzi inasaidia vipande vya RNA kuungana na kuwa minyororo ya makumi ya herufi. Na mwaka 2003 maabara ya Jack Szostak huko Boston ilionyesha kuwa udongo huo huo unaharakisha mafuta kujikunja kuwa vifuko vidogo mfano wa ngozi ya seli, na kwamba RNA iliyoshikana na udongo inaweza kujikuta ndani ya kifuko. Najua tayari yupo anayetafuta kalamu aandike: "Sayansi yathibitisha Qur'an, uhai umetoka kwenye udongo!" Namuomba aiweke chini. Utafiti huu unahusu seli ya kwanza, sio Nabii Adam (AS). Pili, ni nadharia inayoendelea kujaribiwa. Ukiifunga Qur'an kwenye nadharia leo, nadharia ikianguka keshokutwa watu watakuuliza kuhusu Qur'an. Tumeshafanya kosa hili mara nyingi.

Basi mtu atauliza, kwa hayo yote, wamefika? Hawajafika. Hakuna maabara duniani iliyoanza na kemikali tupu ikamaliza na kitu kinachojilisha, kinachojinakili na kurithisha. Asidi amino na sukari huja katika sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Uhai unatumia asidi amino za kushoto pekee, ilhali chupa za Miller zinatoa zote sawa kwa sawa, na hata zile za Bennu zilikuwa sawa kwa sawa. Nani au nini kilichagua upande mmoja? Hakuna jibu lililokubaliwa. Jinsi lugha ya herufi za RNA ilivyokuja kumaanisha asidi amino fulani na si nyingine, nayo haijaelezwa vya kutosha.

Pia msidanganywe na vichwa vya habari. Mwaka 2010 kikundi cha Craig Venter huko Marekani kilitangaza kiumbe cha kwanza chenye jenomu iliyotengenezwa na binadamu, na magazeti yakaandika kuwa mtu ameumba uhai. Walichofanya ni kuandika kwa kemikali DNA ya bakteria yenye herufi zaidi ya milioni moja, kwa kunakili ile iliyopo kwa marekebisho machache, kisha wakaipandikiza ndani ya bakteria mwingine aliye hai tayari. Mwaka 2016 wakaipunguza hadi jeni 473, kidogo kuliko kiumbe chochote kinachojitegemea kinachojulikana. Na kati ya hizo 473, jeni 149 hawakujua zinafanya kazi gani. Wanajua tu kuwa nyingi kati yake ukizitoa, kiumbe kinakufa.

Hapo ndipo lilipo jaribu letu. Ni rahisi kusema: "Mnaona? Hawajui! Kwa hiyo Mungu yupo." Mimi nasema hoja hii ni ya hatari kwa imani ya vijana wetu. Zamani wakemia waliamini kuwa vitu vinavyotoka mwilini haviwezi kutengenezwa maabara bila nguvu ya uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza urea, ile iliyomo kwenye mkojo, kutoka kwenye chumvi ya kawaida ya maabara. Aliyekuwa ameiweka imani yake kwenye urea, siku hiyo ilikuwa mbaya kwake. Mungu wa mtu huyo anaishi kwenye mapengo ya vitabu vya kemia, na kila mwaka chumba chake kinapungua. Huyo siye tunayemsujudia.

Tazama suala la mtoto tumboni. Tunajua mbegu ya mume na yai la mke vinakutana wapi, tunajua wiki gani moyo unaanza kupiga, tunaona kwa ultrasaundi. Qur'an yenyewe inataja hatua za tumboni, moja baada ya nyingine. Je, yupo Muislamu anayesema kwa kuwa hatua zinajulikana basi Allah hakuniumba? Hakuna. Iweje basi hatua za tumbo la uzazi zisitutishe, na hatua za ziwa lenye magadi miaka bilioni nne iliyopita zitutoe jasho? Na wale wanaodai kuwa njia ikishajulikana Muumba hahitajiki, nao wanafanya kosa hilo hilo upande wa pili. Kemia itasema vipi. Haina kipimo cha kusema nani wala kwa nini, na mkemia akisema hakuna, hapo amevua koti la maabara.

Ijumaa iliyopita nilimtafuta yule kijana. Nikamwambia kwenye mtihani aandike "kwa mujibu wa nadharia hii," aeleze anachokijua chote bila woga, maana kueleza hoja ya mtu si kuikubali, na nyingine humo zinafaa kukubaliwa kwa kiasi cha ushahidi wake. Suala la Nabii Adam (AS) nikamwambia ni mlango mwingine, tutaufungua siku yake na wenye elimu yake.

Akaniuliza: "Na wakifaulu, ustadhi? Kesho wakitengeneza seli kutoka kwenye kemikali tupu?"

Nilitaka kumjibu lile jibu la mkato kwamba hata hiyo itakuwa imetengenezwa na watu wenye akili. Akaniwahi. "Lakini si wataonyesha kuwa ziwani pia iliwezekana bila watu?" Nikakiri kuwa kweli, wataonyesha hivyo.

Ndipo nikamsimulia kuhusu Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1185. Aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtu aliyekulia peke yake kisiwani. Kuhusu kuzaliwa kwake anatoa simulizi mbili. Moja inasema mama yake alimweka kwenye sanduku akamtupa baharini. Ya pili inasema hakuwa na baba wala mama, bali udongo wa kisiwa ulichachuka kwa joto la wastani, ukatoa mapovu, na katika povu moja akapatikana mtoto, roho ikamjia kwa amri ya Mola wake. Ibn Sina kabla yake naye aliona kuwa viumbe kuzuka kwenye udongo ni jambo linalowezekana. Kwa kemia ya leo walikosea, mtoto hatoki kwenye povu. Lakini hawakuona kuwa simulizi ile inamwondoa Mungu, na Hayy wa udongo anamjua Mola wake sawasawa na Hayy wa sanduku.

Kijana akataka kujua huyo Hayy alimjuaje Mola wake bila mwalimu. Nikamwambia ilianza siku paa jike aliyemnyonyesha alipokufa. Hayy alimwita, hakuitika. Akampasua kifua kutafuta kilichoharibika, akaufikia moyo, akakuta upande mmoja umejaa damu iliyoganda na upande wa pili mtupu. Akajua kuwa alichokuwa akikipenda kilikuwa kimekaa pale, na kimeondoka.

Ameniomba kitabu hicho. Ninacho cha Kiingereza, nimemwambia atakipata baada ya mtihani wake.